Sumaku Si Kuvuta Tu

Neno linaweza kuwa sahihi na bado likawa kikwazo. Neno ninalokusudia kulihakiki katika kurasa hizi ni sumaku. Halina ugeni wowote. Linaeleweka upesi, na labda upesi mno. Mswahili akisikia sumaku husikia kuvuta. Msichana mzuri ana sumaku, mhubiri hodari ana sumaku, duka la kona lina sumaku ya wateja. Waganga wa mapenzi hutangaza dawa za mvuto, na hakuna anayehitaji kufungua kamusi ili awaelewe. Kwa hiyo sumaku kwetu imebaki na kazi moja, na kazi hiyo imekuwa ndiyo maana yake.

Hapa Nyahanga, katika mji wa Kahama, watoto hulijua jambo hili kabla ya kuanza shule. Huvunja spika mbovu ya redio, wakatoa sumaku yake nyeusi ya duara, wakaifunga kamba na kuiburuta njiani. Ikifika mwisho wa mtaa imeota ndevu nyeusi za mchanga wa chuma. Baadhi ya wachimbaji wadogo nao, baada ya mawe kusagwa karashani na mchanga kuoshwa mwaloni, hupitisha sumaku juu ya masalio ili kuondoa unga wa chuma. Somo la watoto na kazi ya wachimbaji vyote vinasema jambo lilelile: sumaku huvuta chuma. Ni kweli. Lakini ukweli huu mdogo umeketi mlangoni, na ukweli mwingine mkubwa zaidi umekosa pa kupitia.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kuujua huo mwingine zamani. Manahodha wa pwani walikuwa na dira, na dira ni sumaku isiyovuta kitu. Tena yenyewe haivutwi. Chukua sindano iliyotiwa usumaku, iweke juu ya kipande cha kizibo kinachoelea katika beseni la maji yaliyotulia. Itageuka mpaka ielekee kaskazini, kisha itatulia palepale. Haitasafiri kwenda kaskazini hata inchi moja. Dunia haikuivuta, imeielekeza. Nasi tukalipenda neno hilo hata tukaipa mipango ya nchi jina lake: tulikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025, na sasa tunayo ya 2050. Hivyo basi, katika siasa tunakumbuka kwamba sumaku huelekeza, na katika darasa la sayansi tunasahau.

Labda msomaji atauliza, hasara iko wapi? Mtoto akijua kwamba sumaku huvuta, si amejua jambo la kweli? Nitajibu kwa kuchukua kitu kimoja kidogo sana, ambacho ukikipima kwa neno "kuvuta" hutaambulia chochote, na ambacho kwa miongo kadhaa kimewashughulisha wanafizikia wa Urusi, Moldova, Romania, Hispania na Japani. Kitu hicho ni waya wa metali uliovikwa kioo.

Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Kiini chake cha metali kinaweza kuwa na kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi kidogo. Juu ya kiini hicho kuna ganda la kioo lenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Ukiushika hutausikia kidoleni. Ukiuangusha sakafuni umeupoteza. Kwa hesabu ya kawaida, gramu moja ya metali ya aina ya chuma ikivutwa kuwa kiini cha unene huo hutoa uzi wa kilomita 1.7 hivi. Gramu 4 zingetosha kuunganisha katikati ya mji wetu na mgodi wa Buzwagi. Mwenye kupima utajiri kwa mzani na afikirie hesabu hiyo taratibu, nitairudia baadaye.

Namna ya kuutengeneza si ngumu kueleza. Kipande cha aloi chenye gramu chache hutiwa ndani ya mrija wa kioo kigumu, kile kinachostahimili moto. Ncha ya mrija hupitishwa katikati ya koili ya umeme wa mawimbi ya kasi. Metali huyeyuka, na joto lake hulainisha kioo kilichoizunguka. Fundi hunasa ncha ile laini na kuivuta, kama mtu anavyovuta ulimbo. Kioo hurefuka kuwa mrija mwembamba mno, na metali iliyoyeyuka hufuata ndani yake. Uzi huo hupita katika mchirizi wa maji baridi, kisha huzungushwa kwenye kibiringo. G. F. Taylor alieleza njia ya kuvuta nyuzi za metali ndani ya kioo mwaka 1924, katika jarida la Physical Review. Baada yake Ulitovsky wa Urusi ya Kisovieti aliigeuza kuwa njia ya kutoa waya mfululizo, na hadi leo majina yao hutajwa pamoja.

Yale maji baridi ndiyo yenye siri. Metali ikipoa kwa mwendo wa kawaida, atomu zake hupata nafasi ya kujipanga safu kwa safu, kama matofali katika ukuta wa fundi mwangalifu. Ikipozwa kwa kasi ya nyuzijoto laki kadhaa au milioni kwa sekunde, atomu hazipati nafasi hiyo. Hukamatwa zilivyo, katika vurugu zilizokuwa nayo wakati metali ni uji. Tunapata metali iliyoganda bila kujipanga. Wataalamu huiita amofasi, yaani isiyo na umbo la ndani, na wengine huiita kioo cha metali, kwa sababu kioo cha dirishani nacho ni uji ulioganda kabla haujajipanga.

Metali ya kwanza kugandishwa hivyo na kutangazwa haikuwa chuma. Mwaka 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya California nchini Marekani, Klement, Willens na Duwez walieleza jinsi walivyoyeyusha dhahabu pamoja na silikoni, takriban atomu tatu za dhahabu kwa moja ya silikoni, na kuipoza ghafla. Msomaji wa Kahama asiyapite maneno haya haraka. Jiwe jeupe la kwatzi, ambalo kila mchimbaji wa huku hulitazama kwa tamaa, ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Dhahabu yetu imelala ndani na kandokando ya kwatzi hiyo kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Zimekuwa majirani muda wote huo, na hazikuwahi kuwa kioo cha metali. Silikoni ya mwamba imekamatwa na oksijeni, na dhahabu ya mwamba ilipata muda mrefu wa kujipanga. Vitu vilevile, vikipewa hali nyingine na sehemu ndogo ya sekunde, vilitoa jambo ambalo mwamba haukulitoa katika umri wake wote. Ni kweli kwamba kile kioo cha dhahabu hakikudumu. Hata katika joto la kawaida kilianza kujipanga upya baada ya muda mfupi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na kupitia mlango huo zikaja aloi za chuma, kobalti na nikeli, zilizochanganywa na silikoni na boroni kiasi cha robo au moja ya tano ya atomu zake. Hizo hudumu, na hizo ndizo zenye usumaku.

Sasa tuulize usumaku wa waya huu ni wa namna gani. Ukiupeleka kwa watoto wa Nyahanga utashindwa mtihani wao mara moja. Hautaburuta mchanga wowote wa kutajwa. Kwa kipimo cha kuvuta, waya huu si kitu. Uwezo wake uko kwingine.

Tuchukue kwanza waya wenye chuma kwa wingi. Ndani yake sehemu kubwa ya kiini huelekeza usumaku wake kwa urefu wa waya, ama upande huu ama upande ule. Ukiuletea nguvu ya sumaku iliyo kinyume nao, hautikisiki. Ukiongeza kidogo, bado. Ukifika kiwango fulani, hugeuka wote kwa mruko mmoja: mpaka unaotenganisha usumaku wa zamani na mpya hukimbia kutoka ncha moja hadi nyingine, na vipimo vya maabara vimeonyesha kasi ya zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. Hakuna nusu wala robo. Koili iliyowekwa karibu huupokea mruko ule kama mdundo mkali wa umeme, wenye alama isiyofanana na vyuma vingine. Ndiyo maana nyaya za namna hii zimetumika katika alama za kuzuia wizi wa bidhaa madukani.

Waya wenye kobalti kwa wingi na chuma kidogo una tabia nyingine. Huu haupendi kuruka. Tabaka lake la nje huelekeza usumaku wake kwa kuuzunguka waya, kama pete. Ukiupitishia mkondo geu wa mawimbi ya kasi, ukinzani wake hubadilika sana kwa kukaribiwa na nguvu ndogo tu ya sumaku. Mwaka 1994 Panina na Mohri, huko Japani, ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili katika nyaya amofasi, na tangu hapo limetumiwa kutengeneza vipimo vya sumaku hafifu, pamoja na dira ndogo za kuwekwa ndani ya simu. Tazama jinsi tulivyorudi kwenye dira. Kitu kisichoweza kuinua kijipande cha chuma kinaihisi dunia nzima ilivyoelekea.

Na kioo kinafanya kazi gani hapo? Swali hili nililipata kwa fundi mmoja wa kusuka mota wa mtaani kwetu, mtu ambaye maisha yake yote yamepita kati ya koili na vanishi. Nilipomweleza habari ya waya huu aliuliza papo hapo, "Mzee wangu, hicho kioo ni cha kuzuia shoti?" Nikamwambia ndiyo, kinazuia shoti, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Metali na kioo vikipoa pamoja, metali hutaka kusinyaa zaidi kuliko kioo. Lakini vimekwisha kushikana. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe waya unataka kusinyaa, koti linaukatalia." Kitabu cha fizikia kingehitaji aya nzima kusema hayo. Alifahamu kwa sababu hupasha beringi moto ili itanuke, akaivika kwenye shafti, na ikipoa ikang'ang'ania. Anajua kwamba kupoa si kupungua joto tu; kupoa huacha mkazo ndani ya kitu.

Mkazo huo ndio unaouamuru waya. Katika nyaya zenye chuma kwa wingi, metali iliyovutwa kwa urefu hupenda kuelekeza usumaku wake kwa urefu. Kadiri koti la kioo lilivyo nene kulinganisha na kiini, ndivyo mkazo unavyozidi, na ndivyo waya unavyokuwa mgumu kugeuzwa. Uthibitisho wake ni rahisi. Chukua waya uleule, ondoa kioo kwa asidi, pima tena. Metali ni ileile, atomu ni zilezile, lakini sasa waya hugeuka kwa nguvu ndogo zaidi. Chiriac na Óvári wa Iaşi, Romania, waliokusanya elimu ya nyaya hizi katika makala ndefu ya 1996, ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kulionyesha jambo hili. Basi usumaku wa waya huu umo katika metali, na katika haraka ya kupoa kwake, na katika kitu kinachoubana, vyote kwa pamoja. Ukimwuliza mtu "Hii ni sumaku ya nini?" naye akakujibu "Ni ya chuma," amekujibu theluthi moja ya swali.

Hapa ndipo ninapofika kwenye uhakiki wenyewe. Katika Kiswahili cha shule tumekuwa na desturi ya kugawa sumaku kuwa laini na ngumu, kwa kufuata maneno ya Kiingereza. Sumaku ngumu ni ile inayoshikilia usumaku wake, kama ya spika; laini ni ile inayogeuzwa kirahisi. Tuupime mgawanyo huo kwa waya wetu. Kuugeuza huhitaji nguvu ya makumi au mamia ya ampea kwa mita, ilhali sumaku ya spika huhitaji zaidi ya laki moja. Kwa hiyo waya huu, hata ule wenye mruko, uko katika kundi la laini. Lakini metali amofasi ni miongoni mwa metali ngumu na imara sana kwa mkono na kwa msumeno! Mwanafunzi anaambiwa kitu ni laini, anakigusa, anakuta ni kigumu kupita misumari ya nyumbani kwao. Ama atadhani mwalimu anadanganya, ama atadhani sayansi ni mahali ambapo maneno hayana maana. Dhana ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwani mwenye kuishika huacha kuuliza na kuanza kukariri.

Mimi ningesema sumaku sikivu na sumaku kaidi. Sikivu ni ile inayoitika amri ndogo. Kaidi ni ile inayogoma mpaka ipewe amri kubwa. Na kile kiwango cha nguvu kinachohitajika kuuvunja mgomo wake ningekiita ukaidi, tukaupima kwa ampea kwa mita, na hesabu zikaenda bila taabu. Mtu anaweza kusema kwamba maneno haya yanaipa metali tabia za watu. Sawa. Lakini laini na ngumu nayo ni tabia za unga wa ugali. Hakuna lugha iliyoingia maabara bila kupitia jikoni au barazani. La kuuliza ni kama neno hilo linampeleka mwanafunzi kwenye jambo au linampeleka mbali nalo.

Neno kioo lina taabu kama hiyo. Kioo kwetu ni cha kujitazamia, au cha dirisha. Ukisema "kioo cha metali" msikilizaji ataona bati lililong'arishwa. Hatahisi kabisa habari ya uji ulioganda bila kujipanga. Kwa hili sina neno jipya la kulazimisha. Ningeridhika kama mwalimu angesema kwanza sentensi nzima, "metali iliyoganda kabla haijajipanga," kisha ndipo alitaje jina, liwe amofasi au kioo. Jina lije baada ya kitendo.

Nisieleweke vibaya. Simdharau mtu yeyote aliyetunga istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilifanya kazi ambayo bila hiyo makala kama hii isingeandikika. Na tukumbuke mazingira yake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Waliotengeneza maneno wakawa kama mtu aliyefuma nyavu, akaambiwa ziwa limefungwa. Maneno yakabaki katika kamusi, hayakupata midomo ya wanafunzi ya kuyasugua mpaka yakae sawa. Neno halisafishwi na kamati. Husafishwa na wanaolitumia wakiwa na haja nalo.

Lakini lipo kosa ambalo si la serikali peke yake. Kamusi ya istilahi kwa asili yake hupanga majina, nasi tukadhani kwamba tukishapata majina tumepata sayansi. Waya huu unatufundisha kwamba mambo makubwa ya sayansi yamo katika vitenzi. Kusinyaa. Kukatalia. Kushikana. Kubana na kuachia. Kugoma, kisha kugeuka ghafla. Kuganda kabla ya kujipanga. Vitenzi hivi vyote tunavyo. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kutafsiriwa. Vimo katika karakana za mota, kwa wahunzi, katika majiko ya akina mama. Eneo hili tangu kale lilikuwa na Warongo wa upande wa Geita, mafundi waliojenga tanuri na kufua chuma kutoka kwenye mawe. Watu wa namna hiyo hawakukosa maneno ya moto, ya hewa, ya kuiva na ya kuharibika kwa chuma. Tulipoanza kuandika sayansi kwa Kiswahili tulikwenda kwanza kwenye orodha ya Kiingereza tukatafuta visawe. Tungelikwenda kwanza kwenye tanuri na karakana.

Mwenye haraka atataka kuuchukua waya huu na kuufanya fumbo la maisha: kwamba binadamu naye hupata thamani kwa kubanwa, kwamba shida ni koti la kioo, na kadhalika. Nimewasikia wasemaji wa majukwaani wakifanya hivyo kwa dhahabu na moto, na hawakosi makofi. Mimi nalikataa fumbo hilo. Waya hauna hoja, hauna njaa, na hauwezi kudai koti lake livuliwe. Mtu anaweza. Tusitumie sayansi kuwafariji watu waliobanwa wasiulize nani anawabana.

Funzo lililo halali kutoka kwa waya huu ni jingine, nalo latuhusu sana sisi wa ukanda wa dhahabu. Sisi huzungumza juu ya madini kwa mizani. Mwezi Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, mengi ya hayo yakiwa yametoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, nchi nzima ilijifunza neno makinikia kwa siku chache. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichunguza kilichokuwamo ndani ya makontena. Ile ya Profesa Nehemiah Osoro ilitazama uchumi na sheria zake. Swali lililokuwa kila kinywani, kuanzia bungeni hadi vijiweni vya Nyahanga, lilikuwa moja: kilo ngapi? Lilikuwa swali halali, na lilistahili kuulizwa miaka mingi nyuma. Anayeibiwa lazima ajue kiasi alichoibiwa. Lakini mtu akibaki na swali hilo peke yake ameikubali dunia ambamo kazi yetu ni kuchimba na kupima, na kazi ya wengine ni kuyeyusha, kupoza, kuvuta na kuvika.

Buzwagi ilifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Mgodi ulioonekana utakuwa wa milele uliishi miaka 12, umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Baadaye ukatangazwa mpango wa kuleta Kahama kazi ya kusafisha nikeli, shaba na kobalti kutoka Kabanga, wilayani Ngara. Msomaji atakumbuka kwamba kobalti ndiyo metali ya ule waya unaohisi sumaku hafifu. Sisemi kwamba kesho tutavuta nyaya za kioo hapa Kahama. Nasema kwamba metali zenyewe ziko katika mipango yetu, na kwamba gramu 1 ya metali ya aina hiyo inaweza kuwa punje isiyoonekana mizanini au uzi wa kilomita 1.7 unaofanya kazi katika mashine. Kilichozitenganisha hali hizo mbili ni elimu ya namna ya kupoza na kuvika, na elimu hiyo haiwezi kukaa katika kichwa cha mtu ambaye katika lugha anayoiota usiku sumaku ina kazi moja tu.

Ninawafikiria watoto wale wa spika iliyovunjika. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sumaku kwa Kiswahili: huvuta. Akifika kidato cha kwanza huambiwa aanze upya kwa Kiingereza, na lile alilolijua halimsaidii, kwa sababu lilikuwa dogo mno kuvuka naye. Wengi huishia hapo. Hudhani kwamba kichwa chao ndicho kizito, kumbe daraja ndilo lililokuwa fupi. Wengine huenda machimboni, ambako baadaye watanunua detekta kwa bei ya ng'ombe kadhaa, na kuiamini au kuilaani bila kujua koili yake inasikia nini ardhini, wala kwa nini jiwe lenye chuma linaipigisha kelele mahali pasipo na dhahabu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa mwalimu ni dogo, na halihitaji bajeti. Asianze somo la sumaku kwa ile ya spika, kwani hiyo wanafunzi wake wameimaliza mitaani. Aanze na sindano juu ya kizibo katika beseni la maji. Awaache wasubiri itulie. Kisha aulize kama imevutwa au imegeuka, na asiwape jibu mpaka wamebishana. Kwa Kiswahili watabishana vizuri, kwani vitenzi vyote vya ubishi huo wanavyo.